Maharage ya Uongo Kwenye Kopo la Tatu

Haya nyie! Nyie mabinti na vijana mnaoanza ulezi kwenye vitengo vya watoto wenye mahitaji maalumu, wa Shanwe mpo? Wa Ilembo? Na wewe wa Magamba uliyekuja na vumbi lako lote kichwani, upo? Haya kaeni. Simu wekeni chini, hazina miguu. Mnaongea na Mama Deusi. Mimi nikipiga kigelegele Shanwe, majogoo wa Ilembo wanaamka wanadhani wamechelewa kazini.

Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililiangalia zaidi dirishani. Kazi nilianza kwa kufagia, nikaishia mlezi: kuosha watoto, kuwalisha, kuwabadilisha nguo, kuwakimbiza wanaokimbia. Nimeng'atwa mpaka nikinyoosha hii mikono juani unadhani ni bati lililopigwa mvua ya mawe. Kuna mtoto mmoja alinivuta nywele kwa nguvu, nikakaa wiki nzima macho yamepanda juu kama nashangaa.

Ya kuchekesha ninayo mpaka jua lizame. Ila leo kuna moja nalisema kwa aibu, na msinione nacheka mkadhani limeshapoa. Halijapoa.

Zamani sisi dawa tulikuwa nazo mbili tu, fimbo na pipi. Mtoto akifanya fujo, fimbo. Fujo ikizidi, pipi. Hakuna aliyejiuliza hiyo fujo inamletea nini mwenyewe. Halafu akaletwa Mwalimu Tumaini, binti katoka chuo juzijuzi, mwembamba, ukimtazama kwa ubavu unamkosa. Nikasema huyu upepo wa mwezi wa nane utamwondoa. Wapi!

Kulikuwa na mtoto wetu, Sele, ukimvalisha shati la shule analivua. Umvalishe mara ishirini, atalivua mara ishirini na moja. Mimi nikatangaza kitengo kizima kwamba hayo ni mapepo, nikashauri aitwe mwombaji. Mwalimu Tumaini akalichukua lile shati, akaligeuza, akapapasa pale nyuma ya shingo. Lebo. Ya plastiki, ngumu kama ukucha wa kuku. Akaikata kwa mkasi, na mapepo yakahama siku ileile, hayakuaga.

Mwingine alikuwa anatema mate. Nikaenda kumshtaki kwa mwalimu.

"Mama Deusi," akaniambia, "usinipe sifa zake. Niambie kabla ya mate kulikuwa na nini, na baada ya mate akapata nini."

"Akapata kofi langu, mwalimu."

"Na baada ya kofi?"

"Nikamtoa nje."

"Ndani kulikuwa na nini?"

"Hesabu."

Nikasikia masikio yamepata moto. Mtoto hesabu haitaki, kagundua ukimtemea Mama Deusi mlango unafunguka. Kofi moja ndiyo nauli. Tukamfundisha kuinua mkono akitaka kupumzika, tukawa tunampa dakika zake chache, anarudi. Mate yakaisha.

Hapo ndipo mwalimu akatuletea makopo. Alijua mimi na kalamu hatusalimiani, basi akachukua makopo manne ya maziwa, akabandika picha. Kopo la kwanza mguu unaokimbia: mtoto anakwepa kitu. La pili ndizi: anataka kitu. La tatu jicho: anataka mtu amwangalie. La nne mkono unaojikuna: ni mwili wake wenyewe. Mtoto akifanya fujo, mimi natazama kabla kulikuwa na nini na baada kimetokea nini, halafu natupia harage kwenye kopo lake. Ijumaa jioni mwalimu anahesabu, anaandika. Na mtoto anayeumwa alikuwa haanzi kwa makopo, anaanza kwa daktari. Hilo shikeni. Kuna watoto wamechapwa miaka kwa ajili ya jino bovu.

Sasa Limi.

Limi alikuwa na miaka kama tisa, haongei. Baba yake ni Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe zake, boma lake liko Magamba. Alimleta kwa baiskeli. Namshusha mtoto, naona juu ya kifundo cha mguu kuna alama imezunguka. Nikauliza. Yule baba hakuficha.

"Mayu," akaniita hivyo, mama kwa kwao, "hiyo ni kamba. Mama yake yuko shamba, mimi niko na ng'ombe. Nikimfungua anang'ata wenzake. Nimewaletea nyie. Mkishindwa, namrudisha kwenye kamba, sina pengine."

Mmesikia? Akikaa kitengoni, mguu uko huru. Akishindikana, kamba. Yote ninayowaambia kuanzia hapa yamening'inia kwenye hiyo kamba.

Tukampeleka hospitali, masikio mazima, meno mazima. Shida yake ilikuwa saa nne, saa ya uji. Na saa ya uji ilikuwa saa yangu! Mimi nilikuwa siingii na uji kama mtu, naingia kama harusi. Naimba, nagonga vikombe kwa kijiko, nazungusha kiuno, kigelegele juu. Watoto wanacheka mpaka kamasi zinatoka. Limi yeye anarusha kikombe. Uji ule uliruka mpaka ukutani, ukakauka ukawa ramani ya mkoa. Halafu anajing'ata kiganja, halafu anamng'ata aliye karibu. Anatolewa, anapelekwa nyuma ya jiko, anakaa peke yake. Kimya. Ananyooka.

Wiki ya kwanza nilitupia maharage kwa haki, Mungu ananiona. Na kopo lililokuwa linajaa ni la kwanza, la mguu unaokimbia. Lilikuwa zito. Nilikuwa nalitikisa nalisikia. Na sikulipenda. Mtoto amkimbie nani, saa ambayo niko mimi?

Ijumaa nikaenda kuchukua makopo, matupu yote manne! Nikakimbia jikoni kwa Mzee Kapele, mpishi wetu.

"Mzee, maharage yangu yako wapi?"

Akanyoosha mwiko kwenye sufuria.

Maharage yalipungua, kayaona yangu yamekaa bure, kayamwaga. Ushahidi wote wa Limi unachemka na vitunguu. Watoto waliula na ugali, wakaomba nyongeza.

Sasa hapo, wanangu, mtu mwenye akili anakwenda kwa mwalimu anasema, mwalimu, maharage yamepikwa, tuanze upya. Wiki moja tu ingepotea. Mimi nikaona nitachekwa. Mimi ninayewacheka wengine! Nikanunua maharage mabichi gengeni, nikayagawa kwa kichwa changu. Kopo la kwanza nikatia mawili. La pili moja, lisikae uchi. Yaliyobaki yote nikayamimina la tatu, la jicho. Kwa nini la tatu? Kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Nilitaka Limi awe anamtaka mtu, na mtu mwenyewe niwe mimi. Si ndiye nilikuwa napendwa na watoto wote!

Mwalimu akahesabu, akaamini. Kwa nini asiamini? Akapanga dawa kufuata maharage yangu.

"Basi mtoto anatafuta watu. Tumpe kabla hajadai. Mama Deusi, kila baada ya muda mfupi nenda kaa naye, mwimbie, mshangilie. Akirusha kikombe tusimtoe nje, tuendelee kama hajafanya kitu."

Wanangu, dawa ya ugonjwa mwingine ni sumu. Nilimwimbia yule mtoto asubuhi mpaka adhuhuri. Nilimwimbia nyimbo za kanisani, za kulima, za kumtoa bi harusi. Na lile pango lake la nyuma ya jiko tukalifunga. Akawa anajing'ata mpaka kiganja kikavimba kama andazi. Na mimi namwambia mwalimu, "Anazoea, anazoea."

Katikati ya hapo nikapata msiba Ilembo, nikakaa huko siku nne. Narudi, Mzee Kapele ananisubiri mlangoni mwa jiko. Yule mzee ni mtu wa kutoa neno moja kwa msimu, siku hiyo alitoa karibu kapu zima.

"Limi amekunywa uji. Vikombe viwili. Siku zote nne."

"Ni baridi hiyo, mzee," nikamjibu. "Watoto wanapenda uji kukiwa na baridi."

Baridi ya wapi? Hapa kwetu Mpanda, mvua bado, jua la kukaanga yai juu ya bati! Mzee akanitazama, akarudi kwenye sufuria yake. Na mimi nilijua. Pale pale nilijua. Mwalimu akaniuliza, "Mama, ulipokuwa hupo Limi alitulia sana, unadhani kilibadilika nini?" Nikamwambia sijui. Hilo la maharage naweza kuliita ujinga. Hili la pili lina jina lake, na si ujinga.

Kesho yake nikaingia na uji, na kigelegele cha kurudi msibani, kirefu kutoka mlangoni mpaka dirishani. Limi akarusha kikombe, akamrukia Zawadi, mtoto anayekaa jirani yake kwenye mkeka, akamng'ata shavu. Damu. Mama yake Zawadi akaja mbio, na haki yake, hata mimi ningekuja mbio. Mwalimu mkuu akampigia simu Mzee Masanja.

Alikuja na baiskeli. Hakufoka. Kule nyuma ya baiskeli, kwenye keria, ilikuwa imezungushwa ile kamba. Alikuwa hajaitupa. Akampandisha mtoto wake, akanipa mkono.

"Mayu, asante. Mmejaribu."

Nimetukanwa mengi kwenye kazi hii. Nimeitwa mchawi, nimeitwa ng'ombe. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama ile asante. Nilikuwa na mdomo siku hiyo, nyie mnaujua mdomo wangu, ungeweza kusema sentensi moja tu na kuizuia ile baiskeli. Haukusema.

Nilikaa wiki tatu. Naingia na uji naimba, lakini wimbo unatoka kama wa redio iliyoishiwa betri. Jumapili moja nikapanda bodaboda mpaka Magamba.

Limi yuko kwenye nguzo ya jiko, kamba mguuni. Na mimi, tazameni mazoea yalivyo mabaya, bado niko mbali nimeshaachia: "Mwangaluuuka!" Salamu ya kwao, kwa sauti ya kuita ng'ombe waliopotea. Yule mtoto akajing'ata, akakimbia mpaka kamba ikamkata, akanipa mgongo. Alikimbia kila hatua ambayo kamba ilimruhusu. Zilikuwa hatua nne.

Mama yake akanijia polepole, akaninong'oneza kabisa.

"Mama, shusha sauti. Sisi huyu tunaongea naye hivi. Makelele yanamchoma."

"Mlituambia?"

"Hamkutuuliza."

Nikakaa chini. Nikafunga mdomo. Mkinisikia nasema nilifunga mdomo msidhani ni kazi ndogo. Maneno yalinijaa mpaka nikahisi yatatokea masikioni. Tukakaa, mpaka kivuli cha jiko kikahama. Limi akageuka. Akasogea kidogo, akasogea tena, akashika pindo la kanga yangu, akawa analisugua kwa vidole. Sijawahi kupewa heshima kubwa hivyo na mtu niliyemtenda vibaya hivyo.

Jumatatu nikaenda kwa Mwalimu Tumaini na kopo la tatu mkononi.

"Mwalimu, maharage haya nilitia mimi. Ya kweli yalipikwa. Na ya kweli yalikuwa kopo la kwanza. Na siku nne za msiba nilijua."

Nilingoja anifukuze. Akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

"Mama," akasema, "ulimpima mtoto kwa ulichokipenda wewe." Halafu akasema, "Na mimi niliandika mpango mzima sijakaa saa moja kuangalia kwa macho yangu. Hiyo aibu tugawane."

Sikutaka tugawane. Lakini alikuwa ameshaamua.

Tukaenda Magamba naye, siku kadhaa mfululizo, Mzee Masanja akikubali kwa shingo upande. "Jaribuni. Ila nikiitwa tena shuleni kwa damu, basi ng'ombe zangu zitamlea." Mwalimu akamfungua kamba, akampa uji. "Mama Deusi, leo husemi." Limi akanywa. Kumbe uji hauna kesi. "Sasa imba, kwa mbali." Mkono wa Limi ukapanda kuelekea mdomoni. "Nyamaza!" Mkono ukashuka. Mwalimu alikuwa hangoji meno. Mkono ukiinuka tu, anasimamisha, hilo nalo shikeni, hatumuumizi mtoto ili tupate jibu. Imba, mkono juu. Nyamaza, mkono chini. Imba. Nyamaza. Mnaijua swichi ya taa? Mimi ndiye nilikuwa swichi. Tukajaribu wengine waongee naye kwa utulivu, hakuna kitu. Tukajaribu kumwacha peke yake, hakuna kitu. Baba yake amesimama pale na fimbo ya ng'ombe begani, anaangalia, taya limeshuka.

Halafu tukampa kibao kidogo, kimechorwa sikio lililofunikwa. Mwalimu akamfundisha: kelele ikianza, toa kibao. Akitoa, wote kimya, papo hapo, hata mkuu wa mkoa awe anahutubia. Siku ya tatu niliimba nusu mstari, mkono wake ukapanda, ukasita hewani, ukashuka ukachukua kibao, akanipa mimi. Mkononi mwangu. Kwa miaka yake yote alikuwa hana neno, na neno lake la kwanza likawa kuniambia ninyamaze. Nililia, lakini nililia kimya, nilikuwa nimeshajifunza.

Kukabaki kikao. Wazazi, walimu, mwalimu mkuu, wote darasani, kuamua Limi arudi au asirudi. Mwalimu Tumaini akaeleza ya makopo. Kisha nikasimama mimi. Mzee Masanja amekaa mbele, kofia mapajani. Nikasema yote. Maharage yalivyopikwa, nilivyotia mengine, siku nne za msiba, ile asante yake kwenye baiskeli ambayo sikustahili. Sikuweka chumvi hata chembe. Mara ya kwanza maishani naeleza kitu kwa ukubwa wake, na kilikuwa kikubwa cha kutosha.

Mzee Masanja akanyanyuka.

"Kwa hiyo mayu, mwanangu si mkorofi?"

"Hapana baba. Alikuwa anasema. Mimi ndiye nilikuwa nimeziba masikio na kuachia mdomo."

"Na mimi nilimfunga mguu," akasema, akakaa, akainamia kofia yake. Hakuna aliyejua pa kutazama.

Akasimama Mama Zawadi. Shavu la mtoto wake lilikuwa bado na alama za meno, na kila mtu alijua yeye akikataa, basi.

"Mimi sina kinyongo na mtoto," akasema. "Ila Mama Deusi tunamjua wote hapa. Huyu mama akiona paka, nyumbani anafika na chui. Leo anasema mtoto alikuwa anang'ata kwa ajili ya sauti yake, kesho atasema nini? Wangu ameumia. Nataka mtu mwingine aseme. Mtu aliyekuwa anasikia kila siku."

Watu wakageuka kutafuta mtu huyo. Limi alirudi Jumatatu iliyofuata, na mguu wake una ngozi nzima leo, nendeni mkamwone. Lakini hakurudishwa na machozi yangu, wala na karatasi za mwalimu. Kule nyuma, mlangoni, Mzee Kapele alikuwa amesimama na mwiko wake, amekuja kuuliza idadi ya watakaokula. Mama Zawadi akamwona.

"Wewe mzee, jiko lako limepakana na darasa. Sema kwa haki ya Mungu. Mtoto anaweza kweli kung'ata mtu kwa ajili ya huyu mama kuimba?"

Mzee Kapele akautazama mwiko, akanitazama mimi, akaufungua ule mdomo wake usiofunguliwa:

"Miaka yote hii mimi mwenyewe nilitaka kumng'ata, sema sina meno."